Kundi moja, bango moja, alama moja: nitajuaje nani ameelewa tabianchi?

Swali: Nafundisha Jiografia Kidato cha Tatu katika sekondari ya kata karibu na Moshi. Nina wanafunzi 54. Tangu mwanzo wa muhula, makundi tisa ya wanafunzi sita sita yanafanya mradi kuhusu mabadiliko ya tabianchi: wanapima mvua na joto shuleni, wanawahoji wazee, wanachora grafu, na mwishoni kila kundi litawasilisha bango. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo, nikampa kila mwanakundi alama ya bango la kundi lake. Mwanafunzi mmoja hodari alikuja kulalamika kwamba kazi karibu yote aliifanya yeye, na ilikuwa kweli. Kwenye mtihani, wenzake wawili waliopata 85 za bango waliandika kwamba joto la dunia linaongezeka kwa sababu ya tundu la ozoni. Nifanyeje ili nijue kila mmoja ameelewa nini, bila kuua ushirikiano wao, na bila kusahihisha madaftari mpaka usiku wa manane?

Jibu: Mwalimu, bango lile lilikuonyesha kitu ambacho watu sita wanaweza kukitengeneza wakikaa pamoja, mmoja wao akiwa hodari. Hilo ni jambo la kweli na linastahili alama. Halikuweza kukuambia nani kati ya hao sita anajua kwa nini dunia inapata joto, kwa sababu hakuna mahali kwenye bango ambapo mmoja mmoja alilazimika kusema anachofikiri. Kazi ya kundi ipime kama kazi ya kundi. Uelewa upime kwa mtu mmoja mmoja. Na ushahidi wa uelewa huo uukusanye kazi ikiwa inaendelea, usisubiri siku ya kubandika mabango ukutani. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Wazo lenyewe si geni nchini. Tangu Azimio la Musoma la 1974 tulikubaliana kwamba mtihani wa mwisho usibebe peke yake hatima ya mwanafunzi, na tathmini endelevu ikaingia katika sekondari zetu miaka hiyo ya sabini. Kilichobaki mikononi mwa mwalimu ni hiki kinachokusumbua: darasa kubwa, kazi ya pamoja, na fomu ya alama inayodai namba mbele ya kila jina.

Kabla ya kugusa alama, amua unapima nini. Mradi wa tabianchi unagusa mambo mengi mno, na mwalimu anayejaribu kuyapima yote huishia kupima mwandiko na rangi za kalamu. Mimi ningechagua matatu tu. La kwanza, mwanafunzi atofautishe mvua ya msimu mmoja na tabianchi ya mahali. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30 kueleza tabianchi, na wanafunzi wako wana wiki chache za vipimo. La pili, aweze kueleza namna joto linavyoongezeka. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ajue ushahidi alionao unamruhusu kusema nini na haumruhusu kusema nini.

Kuhusu lile la pili, usishangae habari za ozoni. Ni moja ya mikanganyiko inayojulikana sana katika ufundishaji wa somo hili duniani kote, na ina sababu. Mwanafunzi amesikia hadithi mbili zinazofanana: binadamu amechafua hewa, jambo baya limetokea angani, jua linatuumiza. Anaziunganisha, na kichwani mwake zinakaa vizuri kabisa. Kulitaja tundu la ozoni kama kosa hakutoshi. Mpe kazi ya kuzitenganisha: tabaka la ozoni huzuia mionzi ya urujuanimno inayoingia kutoka kwenye jua, na liliharibiwa na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, ambazo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuzipunguza. Joto la dunia linaongezeka kwa sababu hewa ukaa na gesijoto nyingine hunasa sehemu ya mionzi ya joto inayotoka ardhini kurudi angani. John Tyndall alipima uwezo huo wa gesi katika maabara tangu mwaka 1859. Kabla ya viwanda kuenea, hewa ukaa ilikuwa kama molekuli 280 katika kila molekuli milioni za hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa imefika 315, na sasa imevuka 420. Mwanafunzi anayeweza kukuambia mionzi ipi inaingia, ipi inatoka, na nini kinaizuia ipi, huyo ameelewa. Anayeandika tu kwamba uchafuzi wa mazingira husababisha ongezeko la joto hajakuonyesha chochote bado, hata kama sentensi yake haina kosa.

Wiki hii, kabla hujafundisha zaidi, wape karatasi nusu ukurasa kila mmoja. Maswali matatu yanatosha: Kwa nini joto la dunia linaongezeka? Chora mshale unaoonyesha joto linatoka wapi na linakwenda wapi. Masika ya mwaka huu yakiwa haba, je, tabianchi ya Moshi imebadilika? Eleza. Usitoe alama. Zikusanye, zisome kwa kuzipanga katika mafungu kwenye meza (hawa wanasema ozoni, hawa wanasema taka za plastiki, hawa wanasema jua limesogea karibu, hawa wanakaribia), kisha ziweke kabatini. Kazi hiyo ni ya saa moja, na itakupa kitu ambacho mwaka jana hukuwa nacho: utajua kila mmoja ameanzia wapi. Mwisho wa mradi utauliza maswali yale yale.

Sasa daftari. Kama kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo ningekuomba uitilie mkazo, ni hii. Kila mwanafunzi awe na daftari lake la uchunguzi, hata kama kipimamvua ni kimoja kwa kundi zima. Vipimo wataviandika wote sawasawa, hakuna tatizo. Lakini kila wiki kila mmoja aandike peke yake mistari mitano au sita: tumeona nini, mimi nadhani ni kwa nini, na nikiona nini nitabadili mawazo. Swali hili la tatu ndilo linaloonyesha nani anafikiri. Wa kunakili atanakili majibu mawili ya kwanza kwa jirani yake. La tatu humshinda, kwa sababu ili ulijibu lazima kwanza uwe na wazo lako mwenyewe.

Daftari linakuonyesha pia uaminifu wa vipimo, na hapo ndipo sayansi yenyewe ilipo. Mvua husomwa saa tatu asubuhi, kila siku, macho yakiwa usawa wa maji. Shule haifunguliwi Jumapili. Ukikuta kundi lina kipimo cha kila Jumapili, na hakuna hata mmoja wao anayekaa jirani na shule, uliza kwa upole. Ukikuta vipimo vyote vinaishia na 0 au 5, pengine wanakadiria badala ya kusoma. Mwanafunzi aliyeandika “Jumamosi na Jumapili hatukupima, milimita 23 za Jumatatu ni za siku tatu” amefanya jambo ambalo mtaalamu wa hali ya hewa angemsifia. Mpe alama nzuri kuliko yule mwenye jedwali lililojaa bila pengo. Na liseme hilo mbele ya darasa mapema, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu watoto wetu wamezoeshwa tangu darasa la kwanza kwamba nafasi iliyoachwa wazi ni sifuri. Wasipojua kwamba pengo lililoelezwa lina thamani, watalijaza kwa kubuni, kisha utakuwa unasahihisha mvua ambayo haikunyesha.

Njia rahisi ya kujua kama namba zina maana kwao ni swali la lita. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mwulize mmoja mmoja: paa la darasa lina mita za mraba 60, leo mmepima milimita 20, lita ngapi zimeanguka juu ya paa? Ni 1,200. Wapo watakaokuwa wamejaza jedwali la wiki sita bila kujua kwamba milimita ile ni kina cha maji. Afadhali uwagundue wiki ya pili kuliko kwenye mtihani.

Kuhusu kusahihisha mpaka usiku: usikusanye madaftari 54 siku moja. Chukua ya kundi moja kwa siku, madaftari sita, dakika mbili au tatu kwa kila moja. Ni robo saa. Ndani ya siku tisa za shule umepita darasa zima, kisha unaanza upya. Katika mizunguko hiyo usiandike alama. Andika swali moja au maelekezo ya mstari mmoja: “Mzee uliyemhoji alijuaje kwamba ni mwaka ule?” au “Grafu yako inaanzia 20, siyo 0. Mtu akiiona harakaharaka atadhani nini?” Kuna utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988, uliofanywa kwa wanafunzi wa Israeli: waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata kuliko waliopewa maoni pamoja na alama. Mwalimu yeyote aliyerudisha madaftari anajua sababu. Mwanafunzi huangalia namba, huangalia namba ya jirani, kisha hufunga daftari. Alama ya daftari itoe mara moja, mwishoni, na uitoe kwa kuangalia kama maelekezo yako yalibadilisha kitu.

Wakati huo huo wape majukumu yanayozunguka. Kundi la wanafunzi sita lina nafasi sita: mpimaji, mwandishi wa kumbukumbu, mchoraji wa grafu, mhoji, mhakiki anayekagua hesabu, na msemaji. Kila wiki wabadilishane. Nasisitiza mzunguko kwa sababu bila huo utaona picha ile ile karibu kila shule: mvulana ameshika kipimajoto na ndiye anayezungumza mbele, msichana anaandika kwa mwandiko mzuri na kusafisha meza, na mwanafunzi mgeni anabeba daftari. Baada ya wiki sita kila mmoja atakuwa amesoma kipimo kwa mkono wake na amesimama kusema. Nawe unapopita kati ya makundi, angalia makundi mawili tu kwa kipindi, ukiwa na orodha ya majina na alama fupi unazozielewa mwenyewe: ameuliza swali, amemweleza mwenzake, amepinga kwa sababu, amekaa kimya. Usijaribu kuwaona wote siku moja.

Mahojiano na wazee yanahitaji uangalifu wa aina yake. Mzee wa Kibosho au Marangu akisema kwamba zamani masika yalikuwa yanaanza mapema na mito haikukauka, anatoa ushahidi, na mwanafunzi aupokee kwa heshima. Lakini kumbukumbu ya binadamu hushika miaka mikali. Mvua za El Nino za 1997/98 hazisahauliki, miaka ya kawaida husahaulika. Kwa hiyo unapopima sehemu hii, usihesabu wazee wangapi wamehojiwa. Angalia kama mwanafunzi aliuliza tukio la kushikiza mwaka (ulikuwa umeshaoa? mtoto wako wa ngapi alikuwa amezaliwa? Mwalimu Nyerere alikuwa bado madarakani?), kama aliuliza zaidi ya mzee mmoja, na kama aliweka maneno ya wazee kando ya takwimu za mvua za Moshi. Takwimu hizo mziombe kwa barua ya mkuu wa shule kwenda Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mamlaka hutoa pia taarifa ya mwaka kuhusu hali ya tabianchi ya nchi, na hiyo itawafaa wote. Pale ambapo wazee na takwimu hawakubaliani ndipo penye alama nyingi. Mwanafunzi aandike: wazee wanasema hivi, takwimu zinasema hivi, huenda sababu ni hii. Huenda jumla ya mvua ya mwaka haijashuka sana lakini siku za mvua zimepungua na kila siku inanyesha kwa wingi. Mkulima wa mahindi ataiona tofauti hiyo shambani kabla haijaonekana kwenye jumla ya mwaka. Ukiwa na mwanafunzi aliyefika hapo, umemfundisha.

Nikija kwenye kipimo cha mtu mmoja mmoja mwishoni, wewe una mlima dirishani na ningeutumia. Andaa swali ambalo hakuna kundi lililoliandalia bango. Kwa mfano: “Barafu ya Kilimanjaro ilifunika takribani kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Mwenzako anasema hii inathibitisha kwamba moshi wa magari ya Tanzania umeyeyusha barafu yetu. Mjibu kwa aya mbili.” Kila mmoja aandike peke yake, dakika 25.

Swali hili linapima mambo yote matatu niliyoyataja mwanzoni. Mwanafunzi dhaifu atakubali tu, au atakataa tu. Wa kati atasema hewa ukaa huchanganyika katika anga la dunia nzima, kwa hiyo magari ya nchi moja hayawezi kulaumiwa kwa barafu ya nchi hiyo, na kwamba sehemu kubwa ya gesi hiyo imetoka katika nchi zilizotangulia kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi. Aliyeelewa zaidi ataona kwamba barafu ilikuwa inapungua hata kabla ya magari kuwa mengi, na atauliza kama kuna sababu zaidi ya moja. Na zipo. Wanasayansi waliopima kileleni wanaeleza kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilikauka kuelekea mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na kwa kuwa kule juu mara nyingi joto liko chini ya nyuzi 0, barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali, bila kupitia hali ya maji. Ongezeko la joto la dunia na la bahari linaingia katika mchanganyiko huo, na wataalamu hutofautiana kuhusu ukubwa wa mchango wa kila sababu. Kwa hiyo mlima mmoja si uthibitisho. Ila barafu za milima zinarudi nyuma karibu kila pembe ya dunia, na wastani wa joto la dunia kati ya 2011 na 2020 ulikuwa juu kwa kama nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko ule wa 1850 hadi 1900. Ushahidi huo wa pamoja ndio wenye nguvu. Somo hili liwafundishe baada ya kusahihisha, siyo kabla. Na tafadhali usiliache darasa likidhani kwamba kwa kuwa Kilimanjaro ina sababu nyingi, basi mabadiliko ya tabianchi yana mashaka.

Sahihisha kwa ngazi nne, usihesabu nukta. Wenzetu wa Kenya katika mtaala wa umilisi wanasema mbali na matarajio, kukaribia, kufikia na kuzidisha matarajio. Ni lugha nzuri, unaweza kuiazima. Andika mapema, kwa sentensi moja moja, jibu la kila ngazi linafananaje, kisha wasomee wanafunzi ngazi hizo wiki moja kabla ukitumia mfano mwingine. Mfano huo unaweza kuubuni mwenyewe: kijiji fulani kilipata milimita 620 za masika mwaka juzi na 410 mwaka jana, na diwani anasema tabianchi imebadilika, je, anakosea wapi, na angehitaji nini ili awe na haki ya kusema hivyo? Wajadili katika makundi. Hapo kundi linafanya kazi yake hasa, ya kuandaana kwa jambo ambalo kila mmoja atalikabili peke yake.

Pamoja na maandishi, zungumza na kila mmoja kwa dakika tatu. Wanafunzi 54 mara dakika tatu ni dakika 162, yaani vipindi vinne vya dakika 40 na dakika mbili za ziada, wakati wengine wanachora grafu. Fungua daftari lake, weka kidole kwenye ukurasa wowote, useme: nieleze hapa. Wa kwanza wakishatoka habari itasambaa, nawe iache isambae. Wote wataenda kusoma madaftari yao.

Katika mazungumzo hayo mruhusu azungumze Kiswahili. Ukimhoji kwa Kiingereza kuhusu mionzi ya joto, utapata kipimo cha Kiingereza chake, na wapo watakaonyamaza huku jibu wanalo. Najua mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo lile swali la maandishi lifanywe kwa Kiingereza. Ukilinganisha majibu mawili ya mtoto yule yule, utajua kama anahitaji msaada wa Jiografia au wa lugha. Bila kulinganisha, utamfundisha upya kitu anachokijua na kuacha kile kinachomkwamisha.

Alama zenyewe ningezigawa hivi kati ya 100. Za kundi 40: 15 za ubora wa vipimo na kumbukumbu, 15 za hoja kwenye bango, na 10 za maendeleo ya wanakundi wote, ambazo nitazieleza sasa hivi. Za mtu binafsi 60: 20 za daftari, 15 za mazungumzo, 25 za swali jipya. Bango lenyewe lihukumiwe kwa kitu kimoja: kila dai lina ushahidi wake pembeni, na ushahidi huo unatosha dai? Picha nzuri ya dubu kwenye barafu iliyotolewa mtandaoni haina alama.

Zile 10 za maendeleo ndizo zinazolinda ushirikiano. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikusanya tafiti nyingi kuhusu kujifunza kwa makundi, na alichokiona ni kwamba makundi huinua ujifunzaji pale mambo mawili yanapokutana: kundi lina lengo la pamoja, na kufikia lengo hilo kunategemea kila mwanakundi kujifunza. Ukiweka alama zote kwenye bango, hodari atafanya peke yake, na kwa hesabu zake yuko sahihi. Ukiziweka zote kwa mtu binafsi, hodari atajifungia na daftari lake. Kwa hiyo chukua karatasi zile za nusu ukurasa ulizoweka kabatini, zilinganishe na majibu ya mwisho, uone ni wanakundi wangapi wamepanda ngazi. Aliyeanza akiwa juu na akabaki juu mhesabu kama amepanda, vinginevyo utawaadhibu waliokuja wanajua. Sasa hodari wako ana sababu ya kukaa na mwenzake anayesema ozoni mpaka amweleweshe, na katika kueleza huko yeye mwenyewe atagundua asichokijua.

Wengi watakushauri uwape wanakundi nafasi ya kugawiana alama. Kwa vijana wa umri huu sikubaliani. Marafiki watapeana 10 kwa 10, na mwenye haya au aliyehamia juzi ataumizwa. Waulize badala yake, kwa karatasi iliyokunjwa, mambo mawili: nani alikusaidia kuelewa kitu, na kitu gani? Ulifanya kazi gani ambayo huenda mwalimu hakuiona? Majibu hayo usiyageuze namba. Yatumie kujua daftari la nani ulifungue kwa makini zaidi na nani umhoji dakika moja ya ziada.

Wapo watakaokosa wiki nzima kwa homa, kwa msiba, au kwa sababu nyumbani kahawa imeiva na mikono inahitajika. Usiwape sifuri ya vipimo. Wape jedwali la kundi na swali: siku ulizokosa, mvua ilikuwaje ukilinganisha na wiki iliyotangulia, na unaweza kuamini vipimo hivi kwa kiasi gani? Ni kazi halali kabisa. Wanasayansi wa tabianchi nao kwa sehemu kubwa hufanya kazi na vipimo vilivyosomwa na watu wengine, miaka mingi iliyopita, na sehemu ya kazi yao ni kuamua ni vipi vya kuaminiwa.

Kwa kuwa mradi wako umeshaanza, usijaribu kuweka yote haya mara moja. Karatasi za nusu ukurasa ziwe Jumatatu. Madaftari yaanze wiki hiyo hiyo, mzunguko wa kundi moja kwa siku. Majukumu yaanze kuzunguka wiki inayofuata. Mazungumzo ya dakika tatu yaweke wiki mbili kabla ya kufunga shule, na swali la mlima wiki moja kabla, ili ubakiwe na vipindi viwili vya kurudi darasani na majibu yao na kufundisha upya kile ambacho wengi hawajakipata. Ukilazimika kuacha kimoja kwa kukosa muda, acha bango.